Jina Analoitwa Mwanao Darasani



Kila muhula unapofunguliwa, vituo vya mabasi vya Mombasa hujaa masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na wazazi wenye orodha za mahitaji mkononi. Miongoni mwa watoto wanaopanda mabasi hayo ya usiku wamo waliopangiwa shule za bweni za Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, safari ya kilomita 600 hivi kutoka baharini. Kabla ya kuondoka, mzazi huuliza mengi: karo ni kiasi gani, baridi yake ikoje, nyama ya shule ni halali, hijabu inakubaliwa? Ni wachache wanaouliza swali tunalotaka kulizungumza wiki hii: huko aendako, mwanangu ataitwa nani?

Nyumbani mtoto ana jina alilopewa na wazazi wake, likaombewa dua siku ya akika. Katika mabweni ya shule zetu za umma hupewa jina la pili, na hilo haliombewi dua. Mtoto wa Kisomali huitwa gaidi. Wa Pwani huambiwa ni mvivu na mwenye majini. Mkikuyu huitwa mwizi, Mjaluo huchekwa kwa mambo ya jando, Mkalenjin na Mmaasai huitwa washamba, mtoto wa Kihindi huigizwa matamshi, na aliye mweusi kuliko wenzake hutajwa kwa rangi yake hata pale jina lake linapojulikana na wote. Mwalimu akisikia husema huo ni utani wa watoto. Mzazi akisikia husema, "Vumilia mwanangu, umeenda kusoma."

Sisi twaona kuwa si utani, na kwamba uvumilivu wa namna hiyo una gharama. Ushahidi wetu ni Nakuru yenyewe.

Ardhi iliyogawanywa kwa rangi

Ubaguzi wa darasani haukuzuka wenyewe. Mwaka 1909 mtaalamu wa elimu aliyetumiwa na serikali ya kikoloni, Profesa Nelson Fraser, alipendekeza watoto wa nchi hii wasomeshwe kwa mafungu ya rangi zao. Pendekezo likawa mfumo: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waarabu na shule za Waafrika, kila fungu na fedha zake na kiwango chake. Pwani twaikumbuka sehemu yetu katika mfumo huo. Shule ya Waarabu ya serikali ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na kwa miaka mingi watu wa mji mmoja, wa dini moja na lugha moja, walishindana nani aandikwe Mwarabu na nani aandikwe mwenyeji.

Nakuru jambo hili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu huko rangi iliamua shule na ardhi pamoja. Mji ulikua kando ya reli, na mashamba yaliyouzunguka, kutoka Naivasha mpaka Njoro na Molo, yakatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Wamaasai waliokuwa wakichunga katika bonde hilo waliondolewa kwa mkataba wa mwaka 1904, na watu wa makabila mengine wakaingizwa kuwa vibarua. Mtoto wa mlowezi alisoma katika shule yenye bweni la mawe na uwanja wa michezo. Mtoto wa kibarua, akibahatika, alisoma katika kibanda cha shambani.

Baada ya uhuru, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964, na ikaliweka lengo la umoja wa taifa mbele ya malengo yote ya elimu. Milango ya shule za Wazungu na za Wahindi ikafunguliwa kwa watoto wote. Katika mashamba ya walowezi wakaja Wakikuyu, Wakisii, Waluhya na Wajaluo, wakakaa jirani na Wakalenjin na Wamaasai. Watoto wao wakaketi dawati moja. Lakini mgogoro wa ardhi haukutatuliwa, na wanasiasa wakajifunza kuutumia kila uchaguzi ulipokaribia.

Maneno yetu yalivyotiwa sumu

Hapa mwenye kuipenda lugha ya Kiswahili ataona uchungu. Neno "madoadoa", ambalo kwetu ni la nguo yenye nakshi au ngozi ya chui, katika siasa za Bonde la Ufa liligeuzwa kuwa jina la watu wa makabila yaliyohamia. Pamoja nalo likaja neno "kwekwe", yaani magugu ya shambani. Tuyapime maneno hayo. Doa hufutwa na kwekwe hung'olewa. Anayemwita jirani yake doa hujiona anasafisha atakapomfukuza, na anayemwita kwekwe hujiona mkulima atakapoinua panga. Ndiyo sababu jina hutangulia, kisha ndipo moto hufuata.

Moto ulifuata. Mwaka 1992 ghasia zilizuka Molo, Njoro na Olenguruone. Zikarudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika wiki zile. Tarehe 27 Januari 2008, mjini Naivasha, nyumba moja ilitiwa moto na watu 19 waliojificha ndani wakateketea, wakiwamo wanawake na watoto. Mjini Nakuru uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya mahema, na watoto waliokuwa wajiandae kurudi shuleni Januari hiyo wakalala humo. Wengine hawakurudi tena katika shule zao za zamani, na walimu wengi waliogopa kurejea katika vituo vyao.

Walioshika mapanga siku zile aghalabu walikuwa vijana. Walikuwa wamepita katika madarasa ya kawaida, wakafundishwa hesabu, Kiingereza na wimbo wa taifa. Katika madarasa hayo hayo walikuwa wameruhusiwa kuitana majina.

Mtu wa Pwani asidhani kwamba hayo ni ya bara peke yake. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza orodha ya maneno ya chuki yaliyokuwa yakitumika kabla ya uchaguzi. Humo yalikuwamo "madoadoa" na "kwekwe" ya Bonde la Ufa. Yalikuwamo pia "wakuja" na "wabara waende kwao", ambayo hayakutoka Nakuru. Hayo ni ya kwetu. Na aliyekuwapo Likoni mwezi Agosti 1997 hahitaji kukumbushwa maneno hayo yalifikia wapi, wala ni watu gani waliokimbia nyumba zao usiku na kujaza makanisa.

Watoto wetu walio Bonde la Ufa

Wako Waislamu ambao Nakuru ndiko kwao. Katika mtaa wa Bondeni mjini Nakuru, watoto huzaliwa, huenda madrasa jioni na kuzungumza Kiswahili kama lugha ya nyumbani. Eldama Ravine iko jamii ya Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Watoto hao si wageni. Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyefika umri wa kitambulisho alilazimika kupita mbele ya kamati ya kumhoji, jambo ambalo mwenzake wa dawati moja hakuulizwa. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwamo haki ya uraia na haki ya kutobaguliwa. Mtoto anayeambiwa na wenzake "nyinyi si Wakenya" anasikia shuleni mwangwi wa yale ambayo baba yake aliyasikia ofisini.

Kwa mtoto wa Kisomali, na kwa kila msichana mwenye hijabu, mambo yalizidi uzito baada ya shambulizi la Westgate mwezi Septemba 2013 na mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Huzuni ya taifa ilikuwa ya haki, na ni huzuni yetu pia. Lakini mtoto wa miaka 14 hawezi kujibia damu iliyomwagwa na mtu asiyemjua, na darasa linalomtaka ajibu linamfunza kwamba nchi hii si yake.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa Kisauni alitusimulia yaliyompata bintiye, aliyekuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya Kaunti ya Nakuru. Kila usiku binti alitoka na kopo la maji kutawadha kwa ajili ya swala ya isha. Wasichana wa bweni hawakujua udhu ni nini. Waliona mtu wa Pwani, usiku, maji, na maneno ya Kiarabu chini ya pumzi. Haikupita wiki mbili ila akawa anaitwa "Jini". Kitanda cha jirani kikahama. Kalamu yake haikuazimwa. Mwalimu mmoja alilisikia jina hilo darasani akacheka pamoja na wengine. Binti akaacha kuswali bwenini, kisha akaacha kula mezani na wenzake, na alama zake zikashuka. Nyumbani wakadhani ni ugeni na baridi.

Mama alipoujua ukweli, jamaa zake walimpa rai mbili. Wa kwanza walisema amtoe mara moja. Wa pili walisema amwache azoee. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwomba binti aandike katika daftari siku tatu tofauti alizoitwa jina hilo, nani alisema na nani alikuwapo. Akapanda basi, akaonana na mwalimu wa darasa, kisha naibu wa mwalimu mkuu, akaweka daftari mezani bila ya kupaza sauti. Aliomba mambo mawili: jina hilo lipigwe marufuku na walimu wenyewe kwanza, na binti apewe nafasi ya kueleza udhu mbele ya bweni lake. Yote mawili yalikubaliwa. Mama yule hakutudanganya kuwa kila kitu kilinyooka. Wapo wasichana wawili ambao hawakumsemesha mpaka walipomaliza shule. Lakini Ramadhani iliyofuata, aliyekuwa akimwamsha kula daku alikuwa msichana wa Kikalenjin wa kitanda cha pili.

Sheria yasemaje?

Wazazi wengi hunyamaza kwa kudhani hawana pa kushikilia. Wanapo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza mtu kubaguliwa kwa misingi ya rangi, kabila, dini, utamaduni, mavazi, lugha au kuzaliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya kabila, dini, rangi, lugha au utamaduni wake. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 36, inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili na kisaikolojia. Maana yake ni kwamba dhihaka ya kila siku inayomvunja mtoto moyo si jambo la mwalimu kucheka nalo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia zile, nayo inakataza ubaguzi na chuki kwa misingi ya kabila, na katika neno kabila inaingiza rangi, dini na asili ya mtu.

Kuhusu hijabu, wazazi waelewe hali ilivyo ili wasipeleke hoja iliyopitwa na wakati. Katika kesi iliyotoka shule moja ya Isiolo, Mahakama ya Rufaa iliruhusu mwaka 2016 wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu. Tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa hoja kubwa ya namna dai lenyewe lilivyofikishwa mahakamani, huku jaji mmoja akitofautiana na wenzake. Kwa hiyo uzito umerudi katika kanuni za kila shule. Mzazi wa Kiislamu asiyehudhuria mikutano ya wazazi, asiyegombea nafasi katika bodi ya usimamizi, asije akashangaa kanuni zikiandikwa bila ya yeye. Jambo la mavazi, la swala ya Ijumaa na la chakula liulizwe kabla ya kupokea nafasi, na jibu lipatikane kwa maandishi.

La kufanya mwanao akionewa

Kwanza, jifunze kuuliza. Mtoto akiulizwa "Shule ikoje?" atajibu "Nzuri." Muulize unakula na nani, kitanda cha jirani yako ni cha nani, wenzako wanakuitaje. Swali la mwisho ndilo litakalofungua mlango. Akikueleza, usikimbilie kukasirika mbele yake, kwani mtoto akiona amemletea mama yake dhiki, mara nyingine hatasema.

Pili, andika. Tarehe, maneno yaliyosemwa, mahali, msemaji na waliokuwapo. Lalamiko lisilo na tarehe hupotea ofisini kama moshi.

Tatu, fuata ngazi. Anza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa ushauri nasaha, kisha mwalimu mkuu. Usipopata jibu, iandikie bodi ya usimamizi barua ya nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Juu ya hapo iko ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na ya kaunti. Ikiwa mkosaji ni mwalimu, peleka lalamiko kwa Tume ya Huduma kwa Walimu. Ubaguzi wa kabila, rangi au dini unaweza kufikishwa mbele ya Tume ya Uwiano na Utangamano. Na mtoto mwenyewe aijue nambari 116 ya simu ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi malipo.

Nne, usianze kwa kumhamisha. Uhamisho ni haki yako, na iko siku utakuwa lazima, hasa pale ambapo mwili au akili ya mtoto imo hatarini. Lakini mtoto anayehamishwa kabla ya neno lolote kusemwa huondoka na funzo kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kosa, na bweni hubaki na funzo kwamba kejeli hushinda. Vilevile usianze kwa kutangaza jina la shule na la mtoto katika makundi ya simu. Fitina ya makundi hayo huwasha kabila dhidi ya kabila, na mwanao ndiye atakayelala katikati ya moto huo.

Tano, mfunze mwanao kusimama na mwenzake. Siku si nyingi yeye atakuwa wa kidato cha juu na mgeni atakuwa mwingine, pengine mtoto wa Turkana aliyekuja na sanduku tupu. Mtoto anayeketi kando ya yule anayechekwa, bila hata ya kusema neno, amekwisha kuvunja nusu ya nguvu ya kejeli.

Na walimu waliomo miongoni mwa wasomaji wetu, nao tuna ombi kwao. Wizara ya Elimu ina sera ya elimu ya amani tangu mwaka 2014, na Tume ya Uwiano imekuwa ikihimiza vilabu vya Amani mashuleni. Klabu haina faida ikiwa ni bango lililotundikwa ukutani. Mwalimu anayepanga vitanda vya bweni na madawati ya darasa kwa kuchanganya watoto, anayekataa kwa sauti jina la dhihaka mara ya kwanza analolisikia, na anayejifunza kutamka jina la kila mwanafunzi kama alivyoitwa na mama yake, ametenda zaidi ya bango.

Kinachosemwa sebuleni

Tumefika palipo pagumu zaidi. Nyani haoni kundule. Mzazi wa Pwani anayelia kwamba mwanawe ameitwa "Jini" huko Nakuru, nyumbani kwake aitwaje yule kijana wa Kikamba anayeleta maji kwa mkokoteni? Msaidizi wa nyumbani aliyetoka Kakamega huitwa kwa jina lake, au ni "huyu mbara wetu"? Mtoto wa Kigiriama akija madrasa, huulizwa kwanza somo lake au ukoo wake? Na posa inapoletwa, ni mara ngapi maneno "kijana ni mzuri, ila…" yamemalizikia kwenye rangi, nywele au asili ya bibi yake? Yako majumba ambamo neno "mtumwa" bado hutamkwa kwa sauti ya chini, ilhali watoto wanasikiliza nyuma ya pazia.

Mtoto aliyelelewa hivyo hupelekwa Nakuru akiwa amejifunza tayari kwamba watu wana ngazi. Kilichobadilika ni kwamba huko amekuta yuko ngazi ya chini. Hatuwezi kumfunza kwamba kabila halina maana pale anapoonewa, na kwamba lina maana pale sisi tunapochagua.

Dini yetu haikuacha nafasi ya mjadala katika hili. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na katika kukataza huko imewataja wanawake peke yao baada ya kuwataja wanaume. Wanachuoni wamesimama sana hapo, na sisi akina mama tusimame pia, maana ulimi wa sebuleni ni wetu. Aya ya 13 ya sura hiyo inaeleza kwamba mataifa na makabila yaliumbwa ili watu wajuane, na kwamba ubora ni wa ucha Mungu. Wengi wetu twaijua pia habari ya Abu Dharr, sahaba mkubwa, aliyemtukana mwenzake kwa kumtaja mama yake. Wanachuoni wengi husema huyo mwenzake alikuwa Bilal. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea kwamba bado amebaki na tabia ya ujahili. Ikiwa sahaba wa daraja hiyo alikemewa kwa neno moja, sisi na watoto wetu tuna haja kubwa zaidi ya kukemeana.

Wazee waliokubali kuketi

Tusiwakatishe tamaa wasomaji. Baada ya ghasia za 2008, wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin wa Nakuru waliitwa mezani. Mazungumzo hayo hayakuwa ya siku moja wala mwezi mmoja. Yalichukua zaidi ya mwaka, wakikutana, wakigombana, wakirudi. Mwezi Agosti 2012 walitia saini mkataba wa amani wa Kaunti ya Nakuru. Walikuwa watu waliozika jamaa na kupoteza nyumba. Ikiwa hao waliweza kuketi na kutajana kwa majina yao halisi, watoto wa bweni moja, ambao hawajapoteza kitu isipokuwa kalamu na zamu ya bafu, wanaweza zaidi.

Basi ombi letu kwa kila familia wiki hii ni dogo. Chakula cha jioni kikishaandaliwa, waulizeni watoto maswali mawili. La kwanza: shuleni wanakuita nani? La pili: na wewe, wenzako unawaitaje? Mama asikilize majibu yote mawili kwa uzito ule ule. Jibu la kwanza likiwa baya, tumeeleza njia ya kufuata. Jibu la pili likiwa baya, dawa yake iko hapo hapo mezani, wala haihitaji nauli ya kwenda Nakuru.

Wabillahi tawfiq.